Bobini za Hadija

Jumatatu, 2 Oktoba

Sindano ya tatu leo. Ncha imekatika ikazama kwenye pamba, nikapoteza nusu saa naitafuta kwa sumaku. Mfarishi wa watu hauwezi kwenda na ncha ya sindano ndani. Mtu ataulalia.

Mashine hii ya mkono mrefu Mama Chilumba, mwenye karakana, aliinunua kuukuu Dar, ikaja juu ya lori la saruji. Kichwa chake kinatembea kwenye reli, juu ya meza inayojaza chumba. Unatandaza kitambaa, pamba, kitambaa tena, unashika mishikio miwili unachora maua kwa uzi. Nachingwea nzima hakuna nyingine. Wala hakuna wa kuiendesha ila mimi. Nalijua hilo na nalipenda, Mungu anisamehe.

Kazi iliyopo ni mifarishi kumi na sita ya nyumba ya wageni Ruangwa. Mwisho wa mwezi iwe kule. Umekamilika mmoja.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimeanza upya kama nilivyofundishwa. Nimefungua chini, nimetoa nyuzinyuzi za pamba kwa brashi. Matone mawili ya mafuta. Sindano mpya. Uzi mpya, ule mzuri wa koni. Ikaenda vizuri mpaka saa nne. Kisha ikaanza kuruka, mishono mitatu ipo, miwili haipo.

Nikageuza kitambaa. Upande wa chini uzi wa bobini umelala kama waya, haukushika kitu. Ukiuvuta unatoka wote, futi nzima.

Uzi wa chini ukilala hivyo maana yake umekazwa mno. Hata mtoto wa cherehani anajua. Nikatoa kikombe cha bobini, nikapitisha uzi juu ya kidole. Ndivyo sista mmoja alivyonifundisha nikiwa msichana: uvute kwa kidole gumba na cha shahada, usikie kama unavuta unywele kwenye uji. Nikauvuta. Sikusikia chochote. Umelegea kabisa.

Macho yanasema umekazwa, vidole vinasema umelegea. Nimeamini vidole. Vina miaka ishirini na sita kazini. Nikaongeza kukaza skrubu.

Alhamisi, 5 Oktoba

Bora nisingekuja. Sindano mbili zimevunjika, uzi umekatika sijui mara ngapi. Nusu ya mfarishi wa pili nimeifumua. Kufumua ni kazi ya kunyonya roho.

Hadija ndiye anayejaza bobini na kukata vitambaa. Mimi naweka sindano, nakaza uzi, naendesha. Miaka tisa tumegawana hivyo bila kugombana. Leo akachukua kikombe cha bobini, akakishika kwa uzi wake, akakining'iniza hewani. Kikakaa pale. Akakitikisa. Kikakaa.

"Dada Skola, hakishuki," akasema. "Kinatakiwa kishuke kidogo kidogo. Umekaza sana."

Nikamwambia hayo ni mambo ya cherehani za barazani, hii ni mashine. Nikamnyang'anya. Akacheka kidogo, akarudi kwenye mkasi wake. Kicheko chake kimenikera mpaka sasa.

Jumapili, 8 Oktoba

Baada ya misa nimekwenda Ruponda kwa mama. Korosho zimeanza kuanguka. Tumekaa uani tunabangua za kula, zile zilizochomwa. Utomvu umetapakaa mikononi kama kawaida. Kila mwanamke huku kwetu ana vidole vilivyobabuka, msimu hadi msimu. Ngozi inatoka, inakuja nyingine, inatoka.

Nimemwambia mama vidole vyangu vya kulia vimekufa ganzi. Kidogo na cha pete tangu masika. Sasa vyote, hata cha shahada na gumba. Nikishika kitu ni kama nimevaa kitambaa.

Hakuinua hata kichwa. "Nkono wa korosho huo, mwanangu. Paka majivu ya moto."

Nimepaka majivu. Nilikuwa nataka kusikia hivyo hasa. Kuna na lile baka kwenye mkono, chini ya kiwiko, jeupejeupe. Duka la dawa waliniambia ni fangasi. Tyubu ya pili inaisha na baka lipo pale pale.

Jumanne, 10 Oktoba

Damu kwenye kitambaa. Matone manne kwenye shuka jeupe la chini, kisha mstari, mtu amepangusa bila kujua.

Nikamgeukia Hadija kwa ukali, nikamuuliza amejikata wapi na kwa nini hasemi. Akanyoosha kidole akaonyesha mkono wangu.

Sindano ilikuwa imepita kwenye ncha ya kidole changu cha kati. Imeingia huku, imetokea huku. Kipande kilikuwa bado ndani. Sikusikia. Sikusikia hata kidogo.

Nimekichomoa kwa koleo, nimefunga kwa kitambaa, nimerudi kuendesha. Hadija alikuwa ananitazama muda wote. Nilitaka aache kunitazama. Nilitaka aondoke pale ndani.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mama Chilumba amekuja. Tarehe kumi na mbili, mifarishi mitatu, mmoja una damu. Si mwanamke wa kufoka. Akatembeza mkono juu ya kushona kwangu, mishono ikawa inafumuka chini ya kiganja chake kama mchicha unavyong'olewa. Akauliza tatizo ni nini.

Hadija alikuwa ametoka kuchota maji.

Nikasema, "Ni bobini za Hadija."

Nikaongeza kwamba anazijaza ovyo, uzi unapandana, ndiyo maana unashika ukilegea na unalegea ukishika. Maneno ya kifundi. Mama Chilumba hajui kushona, anajua kunitegemea. Akaitikia kwa kichwa.

Nililiamini? Nusu. Nusu nyingine sikutaka kuiangalia.

Ijumaa, 13 Oktoba

Hadija amefukuzwa. Ameitwa asubuhi, mbele yangu, ameambiwa kazi yake imeharibu kazi. Alinitazama mara moja tu, akingoja niseme kitu. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Nilitia uzi ule kwa muda mrefu sana.

Ana watoto watatu na mume aliyekwenda Msumbiji akasahau njia ya kurudi. Amechukua mkasi wake, khanga yake na ndala. Amekwenda kwa dada yake Nambambo.

Mimi ni mtu mbaya. Naandika ili nilione hilo.

Jumamosi, 14 Oktoba

Bobini leo nimejaza mwenyewe. Zote. Polepole, uzi umepangika safu kwa safu.

Mashine imeruka vile vile. Sindano imevunjika vile vile.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimejaribu sindano nene. Nimejaribu nyembamba. Nimelegeza uzi wa juu mpaka unaning'inia. Nimesugua sahani ya sindano kwa msasa laini, huenda ina kovu. Nimesali rozari. Mama Chilumba ameita fundi kutoka Masasi.

Chumba kimekuwa kikubwa. Hakuna wa kuniambia chai imepoa. Nilikuwa nafikiri Hadija anaongea sana.

Jumanne, 17 Oktoba

Fundi amefika saa tatu. Bakari jina lake, kijana wa miaka thelathini hivi, msafi, ana begi la vifaa kama daktari. Hakugusa kitu kwanza. Akaniomba niweke sindano, nikaze bobini, nishone, yeye anatazama mikono yangu. Nikachukia. Nikaweka.

Sindano za mashine hii zina shina la mviringo, unaweza kuziweka upande wowote. Upande mmoja una mfereji, wa pili una kijibonde juu ya tundu. Kijibonde lazima kitazame ndoano inayochukua uzi. Huwa situmii macho, napapasa kwa ncha ya kidole. Nimefanya hivyo tangu mashine ifike.

Akainama na tochi. "Mama, umeigeuza." Akaitoa, akanipa. "Iweke tena." Nikaiweka. "Umeigeuza tena, mama."

Akachukua kikombe cha bobini. Skrubu ilikuwa imekazwa mpaka mwisho, akatumia nguvu kuifungua. Akakagua bobini. Kwenye sanduku zilikuwamo zangu na za Hadija, za uzi wa bluu. Akaziinua za bluu. Akasema aliyejaza hizi ana mkono, hajaona zilizojazwa vizuri hivi hata Masasi.

Mama Chilumba alikuwa mlangoni. Sijui kama alisikia.

Kisha umeme ukakatika. Nikaenda kunyoosha vitambaa kwa pasi ya mkaa huku tunangoja. Nimesimama pale nafikiria zile bobini za bluu. Nikasikia Bakari anasema, taratibu kabisa, "Mama, toa mkono." Nikanusa kabla ya kuelewa. Vidole vyangu viwili vilikuwa vimeegemea ubavu wa pasi. Ngozi imepanda malengelenge makubwa, na mimi nimesimama kama mtu anayeota jua.

Hakupiga kelele. Akachukua maji akanimwagia. Akauliza, "Umeanza lini kutosikia?" Nikasema ni korosho. Akasema babu yake Newala naye alisema ni korosho.

Alhamisi, 19 Oktoba

Zahanati. Nimekaa benchi kuanzia saa mbili. Daktari ni msichana mdogo kuliko mwanangu. Akaniambia nifumbe macho na niguse kila mahali anaponigusa. Nikagusa, nikagusa. Kisha akaacha kunigusa muda mrefu. Nikafumbua macho kumwuliza kama tumemaliza. Alikuwa na kipamba mkononi, juu ya lile baka, na alikuwa hajaacha. Alikuwa anagusa.

Akaminya kiwiko changu kwa ndani. Mshipa umevimba kama kamba ya kisimani.

Ukoma.

Amelisema bila kushusha sauti, na mlango ulikuwa wazi. Akasema upo, huku kwetu upo, watu wanafika wamechelewa kwa sababu kila mtu anasingizia korosho. Dawa ya bure. Mwaka mmoja. Mkojo utakuwa mwekundu, ngozi itakuwa nyeusi zaidi, nisiogope. Nikishaanza kumeza siambukizi. Ganzi iliyokwishaingia huenda isirudi nyuma. Nikamuuliza huenda maana yake nini. Akasema huenda.

Kidonge cha kwanza nimekimeza mbele yake.

Kisha akachukua daftari. Anataka majina ya wote ninaoishi nao na ninaokaa nao karibu kila siku. Wapimwe, wapewe kinga. Mwanangu yuko Dar miaka minne. Nikamtaja mama. Nikamtaja Mama Chilumba. Kalamu ikangoja.

"Hakuna mwingine kazini?"

Miaka tisa, meza moja, kikombe kimoja cha chai tunapokezana.

Nikamtaja Hadija. Daktari akasema kama siwezi kumwambia, atamtuma mtu. Nikasema nitakwenda mwenyewe. Sijui kwa nini nimesema hivyo.

Ijumaa, 20 Oktoba

Sikufanya chochote. Nimekaa. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na nyumba moja kando ya mto, hatukuruhusiwa kupita mbele yake. Mwenye nyumba alikuwa anatupungia mkono usio na vidole. Tulikuwa tunakimbia tukicheka. Leo ndiyo mara ya kwanza nimejiuliza alikuwa anaitwa nani.

Jumatatu, 23 Oktoba

Nimemwambia Mama Chilumba yote. Nilianza na bobini. Nikamwambia zilikuwa nzima, mimi ndiye niliyekuwa nakaza na kugeuza sindano, nikamsingizia mwenzangu. Nyani haoni kundule. Nikamwambia na ugonjwa.

La bobini lilimkasirisha. La ugonjwa lilimnyamazisha. Nilimweleza siambukizi tena, daktari kasema. Akaitikia, ndiyo, ndiyo. Akasema nimalize kazi ya Ruangwa, hakuna mwingine, lakini wenye nyumba ya wageni wasijue, na kupeleka atakwenda yeye. Baada ya hapo tutaona.

Alipotoka nikakuta kikombe changu kimetolewa rafuni. Kimewekwa dirishani, peke yake.

Sikulia. Nimekitumia.

Jumanne, 24 Oktoba

Mashine inakwenda. Sindano naweka kwa macho, kwa tochi, na kioo kidogo cha wanja nimekiegemeza chini. Bobini naining'iniza kama Hadija alivyofanya. Ikishuka kidogo kidogo, ni sawa. Ikikaa, nalegeza. Ikianguka, nakaza. Haihitaji kidole. Mifarishi miwili na nusu leo, hakuna sindano iliyovunjika.

Tiba yote ya mashine ilikuwa ni kunyamaza nikamsikiliza siku ile.

Jumatano, 25 Oktoba

Nambambo. Nimeshuka kwenye bodaboda mbali na nyumba, nikatembea. Hadija alikuwa anaanika korosho kwenye mkeka, za shemeji yake. Aliponiona akaendelea kuanika. Sikukaribishwa kukaa. Nikasema nikiwa nimesimama.

Nikaanza na ugonjwa maana ndio uliokuwa wa haraka. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia kuhusu skrubu, kuhusu sindano, kuhusu fundi na bobini zake za bluu. Hilo halikumgusa. Alijua tangu mwanzo kwamba bobini zake ni nzima.

Akauliza, "Ulijua lini?"

"Alhamisi iliyopita."

"Na siku uliyonisema?"

Ningeweza kusema uongo. Nimezoea. Nikasema, "Siku ile nilijua nina kitu. Sikutaka kujua ni kitu gani."

Akapanga korosho kidogo. "Basi ulijua mkono wako, ukasema wangu."



Akasema atakuja zahanati na watoto, si kwa ajili yangu. Akasema niende. Nilipofika njiani nikageuka, alikuwa amekaa katikati ya mkeka, anaangalia viganja vyake.

Jumanne, 31 Oktoba

Mifarishi kumi na sita imekwenda Ruangwa. Wa damu nilitoa kitambaa cha chini chote nikaweka kipya. Mama Chilumba amepiga simu toka kule, amesema mwenye nyumba amefurahi, amegeuza kila mmoja kutazama chini. Amesema pia alimtumia Hadija ujumbe arudi kazini. Hadija amejibu ahsante, hapana.

Mkojo mwekundu kweli. Vidole bado. Nimejichoma kiberiti makusudi kwenye kidole kidogo, kupima. Upumbavu. Nimepata lengelenge la tatu na jibu lile lile.

Jumatatu, 6 Novemba

Hadija amekuja zahanati. Alinikuta nimekaa kwenye benchi, ilikuwa siku yangu ya kufungwa vidonda. Alikaa benchi la pili, watoto katikati. Tulisalimiana kama watu wa kijiji kimoja.

Watoto wamepimwa mmoja mmoja. Mkubwa, wa kati, yule mdogo anayecheka akiguswa. Wote wazima. Wamepewa kinga yao, wakatoka nje kuokota mabibo. 

Daktari akamwita mama yao. Hadija akasimama mlangoni, hakuingia. Akanitazama.

"Ingia na wewe," akasema. "Wewe unajua wanachofanya."

Nikaingia. Alikaa kwenye kiti, akateremsha khanga mabegani. Akafumba macho. Daktari akamwambia aonyeshe kwa kidole kila atakapoguswa, akaanza na mikono, na Hadija akaonyesha, kushoto, kulia, kiwiko, shingo, hakukosa hata mara moja. Kisha daktari akazunguka nyuma. Chini ya bega, mahali ambapo mtu hawezi kujiona na hana mume wa kumwonea, palikuwa na baka dogo, la ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Niliona pamba ikitua juu yake. Ikainuliwa, ikatua tena. Ikatua mara ya tatu. Mkono wa Hadija ulikuwa umetulia mapajani.

"Mbona haanzi?" akaniuliza.

Nikamwambia ameshaanza.